Kubishana bila kuvunja barza: mafunzo kutoka meza tatu za historia ya Congo

Ndugu wasomaji, kila mara neno «mazungumzo» linapotajwa kwenye taarifa ya habari, simu yangu inaanza kulia. Wasikilizaji wengi wanacheka. «Wanaenda kugawana viti tena,» anasema mmoja. «Wanasiasa wanakula hoteli, sisi tunakula vumbi,» anasema mwingine. Sina haki ya kuwakatalia. Wakongomani wamekaa mezani mara nyingi tangu 1960, na bado watu wanakimbia vijiji vyao.

Lakini leo napenda tutazame nyuma kidogo. Sitaki tuulize kama mazungumzo ni mazuri ao mabaya. Nataka tuulize: wazee wetu walipobishana vizuri, walifanya nini? Na walipoharibu, waliharibu wapi? Swali hili linanigusa mimi mwenyewe, na nitawaambia sababu.

Kosa langu kwenye mikrofoni

Miaka kadhaa iliyopita niliongoza kipindi cha mjadala kuhusu ng'ombe walioingia ndani ya mashamba ya mihogo na maharagwe. Nilialika msemaji wa wafugaji na msemaji wa walimaji. Nilifuata yale niliyofundishwa kwenye masomo ya uandishi wa habari: kila upande dakika sawa, kila upande maswali sawa, hakuna kupendelea. Nilitoka studio nikijisifu.

Kesho yake asubuhi, vijana wa pande zote mbili walikutana kwenye njia ya soko. Mapanga yalitoka. Kijana mmoja alipoteza vidole viwili vya mkono wa kuume.

Mzee mmoja wa kata yetu aliniita nyumbani kwake. Alinikalisha kwenye barza, akaniambia pole pole: «Mwanangu, uliwapa wote wawili mikrofoni, lakini hakuna aliyeongea na mwenzake. Kila mmoja aliongea na watu wake.» Nilinyamaza. Alikuwa na haki.

Sisi huku Congo neno barza lina maana mbili. Ni pale mbele ya nyumba, chini ya paa, mahali mgeni anakaa kabla ya kuingia ndani. Pia ni kikao cha wazee wanaoamua mashauri. Maana hizi mbili zinafanana, maana barza haiko ndani ya nyumba wala haiko barabarani. Wapita njia wanaweza kuona na kusikia, lakini hawawezi kuvamia.

Yule mzee alinieleza jinsi yeye mwenyewe anavyoongoza mashauri. Mtu wa kwanza anaongea hadi amalize, hakuna kumkata. Wa pili, mbele ya kujibu, anarudilia kwa ufupi yale aliyosikia. Wa kwanza akisema «hapana, sikusema hivyo», wa pili anarudilia tena. Ni wakati tu wa kwanza amekubali «ndiyo, nilisema hivyo» ndipo jibu linaanza. «Inakula wakati,» mzee alisema, «lakini vita vinakula wakati zaidi.»

Tangu siku ile nikaanza kusoma historia ya mikutano mikubwa ya inchi yetu kwa macho mengine. Nimechagua mitatu.

Meza ya kwanza: Brussels, 1960

Tarehe 20 Januari 1960, viongozi wa vyama vya Congo walikaa Brussels mbele ya Wabelgiji, kwenye mkutano ambao wazee wetu wanauita Table Ronde, yaani Meza ya Mviringo. Mwaka mmoja kabla, tarehe 4 Januari 1959, damu ilikuwa imemwagika mjini Léopoldville, leo Kinshasa. Ubelgiji ulijua kwamba mambo hayawezi kubaki vile.

Wakongomani hao hawakuwa na fikra moja. ABAKO ya Joseph Kasa-Vubu na CONAKAT ya Moïse Tshombe walitaka majimbo yawe na nguvu, kila mmoja kwa sababu zake. MNC ya Patrice Lumumba ilitaka inchi moja yenye serkali kuu imara. Wabelgiji wengi walifikiri kwamba watu hawa watagombana wao kwa wao, na kwamba uhuru utachelewa.

Mambo hayakwenda hivyo. Wajumbe wa Congo waliunda umoja wao, front commun, wakakubaliana kuweka kando yale yaliyowatenganisha na kushika mambo machache waliyokubali wote. Moja lilikuwa hili: Lumumba atoke gerezani aje mezani. Tarehe 21 Januari mahakama ilikuwa imemhukumu miezi sita. Tarehe 25 aliachiliwa, tarehe 26 alikuwa Brussels. Fikirini vizuri, ndugu wasomaji: kati ya watu walioomba atolewe kulikuwa wapinzani wake wa siasa. Walielewa kwamba makubaliano bila yeye hayatasimama. Tarehe 27 Januari, siku ya uhuru ikajulikana: 30 Juni 1960.

Hiyo ni sehemu nzuri. Sehemu mbaya ni kwamba umoja ule ulikuwa wa kuongea na Mbelgiji. Swali la Wakongomani wenyewe kwa wenyewe, yaani nani atakuwa na nguvu gani, halikumalizika. Kasa-Vubu aliacha mkutano katikati, kwa sababu alitaka serkali ya muda iundwe papo hapo. Na ile sheria ya msingi iliyoongoza inchi mpya, ya tarehe 19 Mei 1960, ilipitishwa na bunge la Ubelgiji na kufuata mfano wa Ubelgiji: raisi mmoja juu kama mfalme, waziri mkuu mmoja chini yake anayeongoza serkali. Lakini Kasa-Vubu hakuwa mfalme, na Lumumba hakuwa mtu wa kukaa chini ya mtu.

Miezi miwili na siku chache baada ya uhuru, ugomvi ule uliolala uliamka. Usiku wa tarehe 5 Septemba 1960, Kasa-Vubu aliingia kwenye redio ya Léopoldville na kutangaza kwamba amemfukuza Lumumba. Usiku ule ule Lumumba naye akafika kwenye redio ile ile na kutangaza kwamba Kasa-Vubu si raisi tena. Mimi mtu wa redio, kila nikisoma habari hii ninasikia baridi mwilini. Mikrofoni moja, watu wawili, usiku mmoja, na hakuna aliyeongea na mwenzake. Ni kipindi changu cha ng'ombe na mashamba, lakini kwa inchi nzima.

Kesho yake askari wa Umoja wa Mataifa walifunga redio. Kwa Lumumba mlango ulifungwa kabisa, lakini Kasa-Vubu aliweza bado kuongea kupitia redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo hata kunyamazisha hakukuwa sawa kwa wote.

Kulikuwa bado mahali pamoja pa kubishana uso kwa uso: bunge. Tarehe 7 Septemba, wabunge walisikiliza, wakapiga kura, na kwa kura 60 dhidi ya 19 wakafuta maamuzi yote mawili: lile la Kasa-Vubu na lile la Lumumba. Kwa fikra yangu, ile ilikuwa hukumu ya barza kabisa. Wabunge hawakuchagua mshindi. Waliwarudisha wote wawili pale walipokuwa. Lakini wakubwa hawakutii. Tarehe 14 Septemba, Kanali Mobutu alitangaza, tena kwenye redio, kwamba anawaweka wanasiasa wote pembeni. Tarehe 17 Januari 1961, Lumumba aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Somo ninalolitoa hapa: kuungana mbele ya mtu wa inje siyo kumaliza ubishi wa ndani. Jambo lililofichwa chini ya mkeka siku ya furaha litamkwaza mtu siku ya giza.

Meza ya pili: Kinshasa, 1991 na 1992

Miaka thelathini ilipita. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Watu walidai mkutano mkubwa wa taifa, na tarehe 7 Agosti 1991 Conférence Nationale Souveraine, ambayo kila mtu anaiita CNS, ilifunguliwa kwenye Palais du Peuple. Wajumbe walikuwa zaidi ya 2,800. Walikuwepo wanasiasa, watu wa makanisa, wafanyakazi, wanafunzi, watu wa mashirika ya raia kutoka kila jimbo.

Vijana wa leo wanapenda kusema: «Walipoteza miezi mingi wakigombania kiti cha kuongoza mkutano.» Ni kweli. Vikao vya kwanza vilikuwa kelele. Walibishana nani ni mjumbe wa kweli na nani ameingizwa kwa hila ili kuongeza idadi ya watu wa Mobutu. Walibishana nani aongoze. Katikati ya hayo, mwezi wa Septemba 1991, askari wasiolipwa vizuri walianzisha uporaji Kinshasa, ukaenea kwenye miji mingine. Ni tarehe 12 Desemba 1991 tu ndipo Askofu Mkuu wa Kisangani, Laurent Monsengwo Pasinya, alichaguliwa kuongoza mkutano.

Je, miezi ile ilipotea? Mimi nasema hapana. Kwenye barza, jambo la kwanza ni nani anashika fimbo ya kutoa neno. Kama upande mmoja unaamini kwamba mwenye fimbo ni mtu wa upande wa pili, hakuna neno litakalosikilizwa, hata kama ni la ukweli. Wajumbe wa CNS hawakutaka kujadili mambo ya inchi mbele ya kukubaliana juu ya mwamuzi. Walipompata mtu ambaye pande zote ziliweza kumvumilia, kazi ilianza kusonga.

Na kazi ile ilitisha wakubwa. Tarehe 19 Januari 1992, waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond alisimamisha mkutano. Mwezi moja baadaye, siku ya Mungu tarehe 16 Februari, wakristo walitoka makanisani Kinshasa wakishika Biblia, rozari na matawi ya miti, wakidai mkutano ufunguliwe. Askari walipiga risasi. Watu walikufa. Tarehe 6 Aprili 1992 mkutano ulifunguliwa tena.

Ninaomba tusimame kidogo hapa. Wale waliokufa siku ile hawakuwa wakidai mkate, wala mshahara, wala chama chao kishinde. Walidai watu warudi kubishana. Mtu akiniambia kwamba Wakongomani hawapendi mazungumzo, namkumbusha tarehe 16 Februari.

CNS iligawanya kazi kwa komisyo 23. Mambo mengi yaliyosemwa kwa sauti ya chini kwa miaka 25 yalisemwa kwa sauti kubwa. Mwezi wa Agosti 1992 wajumbe walipitisha sheria ya kipindi cha mpito, na tarehe 15 Agosti walimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Hiyo ilikuwa kura iliyopigwa mbele ya inchi nzima.

Lakini barza hii nayo ilivunjika, na ni vizuri tuseme kwa nini. Ya kwanza: kuna mambo ambayo hayakusomwa. Komisyo ya mali iliyoibwa na komisyo ya mauaji zilifanya kazi, lakini ripoti zake hazikusomwa kwenye mkutano mzima, kwa kuogopa kwamba zitawasha moto. Mkutano ulifungwa tarehe 6 Desemba 1992 na ripoti hizo zikabaki kimya. Ya pili: mwenye bunduki hakuwa amekubali kwamba neno la mkutano ni la mwisho. Mobutu alitoa noti ya zaire milioni 5, Tshisekedi akasema noti ile haina nguvu, wachuuzi wakaikataa, na mwanzoni mwa 1993 askari waliolipwa kwa noti ile wakapora mji tena. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa. Kisha inchi ikawa na mawaziri wakuu wawili, kila mmoja na watu wake.

Tunarudi tena kwenye usiku wa redio wa 1960: kila mmoja anatangaza, hakuna anayejibu.

Meza ya tatu: Sun City, 2002

Baada ya vita viwili, wapiganaji walitia sahihi mkataba wa Lusaka mwaka wa 1999. Mkataba ule ulisema Wakongomani wazungumze wenyewe, wakiongozwa na mwamuzi wa inje, raisi wa zamani wa Botswana, Ketumile Masire. Kinshasa haikumpenda kwanza. Kikao cha Addis Ababa, Oktoba 2001, kilivunjika baada ya siku chache tu. Ni tarehe 25 Februari 2002 ndipo mazungumzo yalianza kweli kweli Sun City, Afrika Kusini. Serkali, waasi wa RCD na MLC, upinzani usio na silaha na mashirika ya raia, wote walikuwa ndani.

Mwezi wa Aprili kilitokea kitu kinachotokea hata kwenye mashauri ya mashamba. Watu wawili walitoka inje, wakakubaliana pembeni. Serkali ya Joseph Kabila na MLC ya Jean-Pierre Bemba walitangaza makubaliano yao: mmoja raisi, mwingine waziri mkuu. Wajumbe wengi walitia sahihi. Lakini RCD-Goma iliyoshika sehemu kubwa ya mashariki haikuwemo, na UDPS ya Tshisekedi haikuwemo. Kikao kilifungwa bila suluhisho la wote.

Makubaliano yale ya watu wawili hayakutembea. Ilibidi kurudi kuongea na wale walioachwa inje. Tarehe 17 Desemba 2002, huko Pretoria, mkataba wa jumla unaowahusisha wote ulitiwa sahihi, na mwaka wa 2003 tukapata serkali ya raisi mmoja na makamu wanne: Yerodia, Bemba, Ruberwa na Z'ahidi Ngoma. Wakongomani ni watu wa mzaha. Waliiita 1+4 na wakaongeza: jibu ni 0. Mzaha ule ulikuwa na ukweli, maana rushwa ilikuwa nyingi na mashariki hakukuwa na amani.

Lakini tuwe wa haki. Kutoka meza ile ilitoka katiba iliyopigiwa kura na raia mwezi wa Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006. Na tarehe 30 Juli 2006 watu walipiga foleni kutoka alfajiri ili kuchagua raisi na wabunge kati ya vyama vingi, jambo ambalo hawakuwa wameliona tangu miaka ya sitini. Sifuri haitoi katiba.

Tunabeba nini kutoka meza hizi?

Nikiziweka meza hizi tatu pembeni ya barza ya mzee wetu, naona mambo manne.

Kwanza, asiyekuwepo atarudi. Brussels waliita Lumumba kutoka gerezani na siku ya uhuru ikapatikana. Sun City waliacha wengine inje na ilibidi kuanza upya. Ukimwacha jirani yako inje ya shauri kwa kuwa ni mgumu, jua kwamba ugumu wake utaukuta shambani.

Pili, kubishana juu ya kanuni siyo kupoteza wakati. Nani anaongoza, nani anaongea lini, uamuzi unapitishwa namna gani: hayo yakiwa wazi, hata maneno makali yanavumilika. Yasipokuwa wazi, hata salamu inakuwa tusi.

Tatu, jambo linalouma lazima lisomwe. Ripoti iliyofungwa haifi. Watu wanaanza kujitungia yao wenyewe, na kila kabila linatunga ya kwake. Nimesikia matoleo mengi ya mauaji yale yale, kutegemea nimekaa kwenye kilima gani.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote: anayeshindwa lazima akubali neno la kikao. Bunge la 1960 lilitoa uamuzi mzuri, na CNS ilitoa uamuzi wa wazi. Yote mawili yaliangushwa na watu wenye askari. Barza haina bunduki. Nguvu yake ni kwamba watu wote wameona na wamesikia, na anayevunja neno atajulikana. Ndiyo maana sisi raia hatuwezi kusema kwamba mazungumzo ni mambo ya wakubwa. Tukigeuka na kucheka, hakuna tena macho ya kuwachunga.

Turudi kwa ng'ombe

Baada ya kosa langu, tulifanya kipindi kingine kuhusu shauri lile lile. Safari hii hatukukifanya ndani ya studio. Tulibeba rekoda kwenye barza ya mzee, tukawaita wasemaji wote wawili, pamoja na baba wa yule kijana aliyekatwa vidole. Kanuni ilikuwa moja: rudilia kwanza, kisha jibu.

Msemaji wa wafugaji alirudilia mara tatu mbele ya mlimaji kukubali. Mara ya kwanza alisema: «Anasema sisi ni wezi.» Mlimaji akakataa: «Sikusema wezi. Nilisema ng'ombe zako zinapita usiku, wakati sioni.» Mara ya pili aliongeza maneno yake mwenyewe, watu wakaguna. Mara ya tatu alisema: «Anasema ng'ombe zinapita usiku, na asubuhi hana wa kuuliza.» Mlimaji akatikisa kichwa: «Ndiyo. Nilisema hivyo.»

Baba wa kijana alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema neno moja tu: kwamba maneno haya yangesemwa hivi siku ile ya kwanza, mwanawe angekuwa na vidole vyake. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilizima rekoda.

Hawakupatana kwa yote. Njia ya ng'ombe ilikubaliwa, pamoja na saa za kupita. Malipo ya mihogo iliyoliwa bado yanabishaniwa hadi leo, na kila msimu wanarudi kwenye barza kubishana tena. Lakini wanarudi kwenye barza. Hawarudi kwenye njia ya soko na mapanga.

Siku mtakaposikia tena kwenye taarifa ya habari kwamba wakubwa wanaenda kuzungumza, mnaweza kucheka kidogo, ni haki yenu. Kisha ulizeni maswali haya: nani ameachwa inje? Nani ameshika fimbo, na pande zote zimemkubali? Ripoti gani haitasomwa? Na nani ameapa kutii neno la kikao hata kama limemwangukia? Mkipata majibu, nipigieni simu. Tutayasema hewani.